Fundi wa Kuta za Paneli

Fundi huyu alikuwa akiingia katika nyumba ya watu anausalimia ukuta kabla ya mwenye nyumba. Anaugonga kwa kifundo cha kidole cha kati, mara moja chini, mara moja usawa wa kifua, mara moja juu kabisa mkono unapofika, kichwa amekiinamisha kama daktari anayesikiliza kifua cha mtoto. Wengine walichukia. Mama mmoja wa Kitengela, ambaye nyumba yake ilikuwa bado inanuka rangi, alimwuliza, "Mzee, umekuja kuona ukuta ama kuniona mimi?" Akamjibu bila kugeuka, "Wewe nitakusalimia, mama. Wacha kwanza nijue niko wapi."

Simtaji jina kwa sababu yuko hai na hapendi kutajwa. Nimefanya kazi naye miaka kumi na minne, mimi nikitengeneza makabati ya jikoni katika karakana yangu kando ya barabara ya Namanga, yeye akiyafunga ukutani. Kila mtu alimwita Fundi tu, kana kwamba wengine wote wenye nyundo mjini walikuwa wanajaribu.

Ili aeleweke lazima niseme kidogo juu ya kuta. Kitengela ilipoanza kujaa nyumba za kujengwa haraka, kuta nyingi za ndani hazikuwa za mawe tena. Zilikuwa za paneli. Katikati mna povu gumu jeupe, lile lile linalowekwa ndani ya katoni ya televisheni mpya, limefunikwa kwa wavu wa waya huku na huku, halafu juu yake plasta ya simiti yenye unene wa vidole viwili. Nyumba kama hiyo haiingizi joto wala kelele, na kwa macho huwezi kuitofautisha na ya mawe. Lakini skrubu ikishapita plasta, mbele yake ni povu tu. Picha ya arusi itakaa miaka yote. Kabati lililojaa sahani na pakiti za unga ni jambo lingine.

"Huu hauna mfupa," ndivyo alivyosema akishagonga. Na mwenye nyumba akimwambia kabati ni dogo, si zito, alisema, "Wewe utaenda kazini, utarudi, utalala. Hiyo kabati itakuwa inavuta tu. Haipumziki kama wewe."

Hakukubali kuambiwa uzito kwa mdomo. Alitaka kuuona. Nimemwona akimwomba mama wa nyumba atoe vyombo vyote atakavyoweka, mpaka zile glasi za wageni zinazofungwa kwenye gazeti, avipange sakafuni, naye avinyanyue kimoja kimoja. Kisha aliuliza nani atakuwa akisimama chini. Mtu akisema "hakuna mtu", alinyamaza mpaka huyo mtu afikirie tena na kukumbuka kwamba hapo ndipo mtoto anapofanyia homuweki.

Njia zake hazikuwa siri. Nyumba ikiwa bado inajengwa, alitaka mbao zifichwe ndani ya ukuta kabla ya plasta. Ikiwa imekwisha kujengwa, alikata shimo, akachimba povu kwa kisu, akajaza zege, akaenda zake. Harudi mpaka baada ya siku saba, na hakuna simu ingemrudisha mapema. Au alitoboa ukuta kabisa mpaka chumba cha pili, akapitisha bolti, na upande ule akazifunga kwenye bamba la chuma. Watu walichukia bamba hilo. Hakuna anayetaka kukaa sebuleni akiangalia chuma chenye nati nne. "Weka kalenda hapo," alikuwa akisema, na ndiyo maana mpaka leo kuna nyumba kadhaa Kitengela zenye kalenda za miaka iliyokwisha pita ambazo hakuna anayethubutu kuziondoa.

Ujana wake aliupitisha Magadi, akirekebisha nyumba za wafanyakazi. Kuhusu Magadi alinisimulia kitu kimoja tu katika miaka kumi na minne. "Huko kazi ya ukuta ni kukuficha jua," alisema. "Ukiuegemea na mgongo saa saba, unaruka." Nilingoja aendelee. Akaomba penseli.

Alikuwa mtu mgumu. Ukuta aliuvumilia, watu hakuwavumilia. Mteja akimwuliza swali mara mbili, la pili halijibu. Hakuwa na mzaha na mtu, isipokuwa mlinzi wa geti la mtaa tuliokuwa tukifanyia kazi, Mmaasai wa rika lake. Asubuhi alimwamkia, "Sopa!" na yule akijibu "Ipa!" Fundi aliendelea na Kimaa chake kibovu, mpaka wote wawili wacheke wakishikilia geti. Akishapita geti uso ulirudi ulivyokuwa. Na mtu huyu ambaye kazi yake ilikuwa juu ya kuta aliogopa ngazi. Kipandio cha tatu ndicho kilikuwa mwisho wake. Kazi ikiwa juu zaidi alipanga meza juu ya meza, akasema meza ina miguu minne.

Kanisani alikuwa mzee wa kanisa. Mwaka mmoja kamati ilinunua spika mbili kubwa, ikazifunga ukutani juu ya kwaya ya watoto bila kumwuliza. Jumapili iliyofuata Fundi aliingia, akazitazama, akatoka, akasikiliza ibada yote akiwa amesimama nje dirishani, Biblia mkononi. Alifanya hivyo Jumapili tatu. Wageni walidhani ametengwa kwa kosa la ndoa. Mchungaji alipomfuata na kumwuliza kama ana kinyongo na mtu, alisema, "Sina kinyongo. Mimi nangoja mtoe hao watoto hapo chini." Spika zilishushwa. Alizifunga upya yeye mwenyewe, na Jumapili iliyofuata akarudi kwenye kiti chake kama mtu aliyekuwa safarini.

Hakuwa hivyo tangu mwanzo. Hili ndilo jambo nililochelewa kuliandika, kwa sababu ni langu pia.

Mwaka wetu wa pili tulifanya jikoni la mama mmoja mshonaji. Alikuwa akishona sare za shule sebuleni mwake, na alikuwa ameyangojea makabati hayo kwa hamu. Mimi niliyatengeneza ya mbao nzito, kwa sababu nilitaka asifie kazi yangu kwa wateja wake. Fundi aliyafunga kwa plagi na skrubu ndefu, jinsi alivyozoea kwenye mawe. Hakugonga ukuta. Siku hizo hakuna aliyekuwa akigonga.

Miezi kumi baadaye, asubuhi, yule mama alinyoosha mkono wa kushoto kuchukua majani ya chai, wa kulia ukiwa umeshika ukingo wa sinki. Kabati lote lilikuja. Halikumpiga kichwani. Lilitua juu ya mkono wa kulia.

Tulienda hospitalini pamoja, mimi na Fundi, na njia nzima mimi ndiye niliyekuwa nikizungumza. Nilisema mjenzi alituambia ukuta ni imara. Nilisema labda aliweka vitu vingi kupita kiasi. Nilisema hata kabati lenyewe halikuvunjika, maana yake kazi yangu ilikuwa nzuri. Fundi alitazama nje dirishani. Tulipofika kitandani kwa yule mama, mkono wake umefungwa bandeji mpaka kwenye kiwiko, nilianza, "Pole sana, mama. Unajua hizi kuta za siku hizi..."

"Dada," Fundi aliniambia, "nyamaza."

Akasogea karibu na kitanda. "Ni mimi niliifunga," alimwambia. "Sikuuliza ukuta ni wa nini. Nilifunga tu."

Yule mama hakulia wala hakutukana. Aliutazama mkono wake kama kitu cha mtu mwingine kilichoachwa juu ya shuka. "Sasa mimi nitashona na nini?" aliuliza.

Vidole viwili havikukunjika tena.

Wiki hiyo Fundi alirudi nyumbani kwake, nayo ilikuwa nyumba ya paneli, akakata tundu la ukubwa wa sinia katika ukuta kati ya sebule na chumba cha kulala. Alitaka kuona kwa macho yake kilichomo ndani. Kisha, mwaka mzima na zaidi, kila jioni baada ya kazi alifunga kitu ukutani hapo. Alifunga skrubu za kila aina, plagi za kila aina, ndoo za mchanga, magunia ya kokoto. Alikaa kwenye kiti akingoja vianguke. Vilianguka. Aliokota, akaandika kwenye daftari la mtoto, akajaribu tena. Mke wake, mama mpole, aliniambia siku moja tukiwa tumesimama mbele ya ukuta huo wenye matundu, "Wageni wanafikiri tunafuga panya." Alicheka, halafu akaacha. "Lakini siwezi kumwambia aache. Akiacha hii, sijui atashika nini."

Tangu hapo ndipo kugonga kulianza, na maswali, na sahani kupangwa sakafuni. Watu walioniuliza kwa nini Fundi wangu ana masharti mengi sikuwaambia. Niliwaambia ni tabia ya uzee.

Sitaki kumfanya malaika. Ukali wake uliniumiza na mimi. Kulikuwa na mwenye nyumba za kupangisha aliyejenga ghorofa ya paneli, akanipa kazi ya jikoni zote, kazi kubwa kuliko yoyote niliyowahi kupata. Alitaka pia Fundi amfungie matangi ya maji moto bafuni, lile tangi la umeme ambalo likijaa ni zito kuliko mtu. Fundi alisema kila moja lipate bolti za kupita mpaka upande wa pili, na bamba. Mwenye nyumba alisema mabamba yataharibu vyumba.

"Mzee, nimeona hizi zimefungwa kila mahali na bolti za kawaida. Hakuna imeanguka."

"Hakuna imeanguka leo," Fundi alisema.

"Uko na kazi ama hauko nayo?"

"Hii siko nayo."

Alichukua mfuko wake wa vifaa akashuka ngazi polepole, mkono ukutani. Mwenye nyumba alinigeukia mimi, akasema hataki tena watu wa kumpotezea wakati, na makabati atatafuta kwingine. Nilimfuata Fundi mpaka getini. Nilimwambia maneno ambayo bado nayakumbuka yote. La mwisho lilikuwa hili: "Wewe unajali mikono ya watu hujawahi kuwaona. Mimi unaniona kila siku."

Alifikiri. "Ndiyo," alisema. Akavuka barabara.

Hatukusemezana miezi minne. Nilitumia mafundi wengine, wepesi, wacheshi, na kila kabati lililoondoka karakanani nililisindikiza kwa macho mpaka gari lipotee. Nikawa sili vizuri. Siku moja nilimkuta karakanani akipanga mbao zangu, ndefu na ndefu, fupi na fupi, kama mtu aliyetumwa. Nikamletea chai. Hatukuomba msamaha. Aliuliza kama ile mashine ya kukatia bado inaruka, nikasema inaruka, akaenda kuitazama.

Ingekuwa rahisi kusema kwamba yale matangi yalianguka. Hayakuanguka. Nimeuliza, nimeuliza tena, na mpaka ninapoandika haya sijasikia hata moja limeshuka. Nilimwambia hivyo siku moja, na nakiri nilikuwa na uchungu kidogo.

"Ni vizuri," alisema. "Mimi huwa naombea yasianguke."

Nilimtazama usoni nione kama anasema tu. Hakuwa anasema tu.

Jambo jingine nililijua kwa bahati. Nilipeleka makabati Illasit, karibu na Loitokitok, na wakati watu wakishusha mizigo nilitembea madukani kutafuta kitu cha kula. Kwenye kibanda kimoja palikuwa na cherehani na sare za shule zimetundikwa mlangoni, na nyuma ya cherehani alikuwa yule mama. Alikuwa amehamia kwa dada yake. Alikuwa akishona. Mkono wa kushoto ulisukuma kitambaa na wa kulia ulikilaza tu, kama mzee anayemshika mtoto begani. Nilitaka kupita. Aliniita.

Alinikalisha. Aliniambia ilimchukua miaka miwili kuuzoesha mkono wa kushoto, na kwamba mishono yake ya kwanza aliifumua yote. Kisha akauliza, "Na Fundi anaendeleaje? Mwaka huu amechelewa."

Sikuelewa. Ndipo aliponieleza kwamba Fundi alikuwa akija kila mwaka baada ya mavuno, peke yake, akae, anywe chai, atazame kama kuna kitu kimelegea kwenye kibanda, akifunge, aondoke.

"Nilishamwambia nimemsamehe," alisema. "Nilimwambia mara ya kwanza. Akasema asante, na mwaka uliofuata akaja tena. Nikaacha kuuliza. Siku hizi nikiona mahindi yamevunwa naweka maziwa."

Sikumwambia Fundi kwamba ninajua. Mimi nilikuwa sijaenda kumwona hata mara moja.

Aliacha kazi mikono ilipoanza kutetemeka. Hakuna aliyemwambia aache. Alichora mstari kwa penseli nyumbani kwa mteja, akautazama, akaniita nichore mimi, na baada ya hapo hakurudi. Alihamia nje kidogo ya mji wa Kajiado, kwenye kiwanja chake, na mbuzi kadhaa. Tulipigiana simu sikukuu.

Mwaka jana mama yangu alipata kiharusi. Nilimleta kwangu Kitengela kutoka Murang'a, upande wa kulia umelala, maneno yakitoka mazito. Nyumba yangu ni ya paneli pia. Kula tulimudu, kulala tulimudu. Choo ndicho kilichotushinda. Kukaa aliweza, kuinuka hakuweza, na ilibidi nisimame pale mlangoni, kisha nimkumbatie kifuani nimnyanyue. Mama yangu alilea watoto sita na hakuna aliyewahi kumwona hata akibadilisha kitambaa cha kichwa. Hakulalamika. Aliacha tu kunywa chai, kisha maji, na nilichelewa kugundua ni kwa nini.

Nilinunua bomba la chuma la kushikilia. Namna ya kulifunga nilijua, nilikuwa nimemwona Fundi akifanya mara mia. Bomba likakaa sebuleni wiki nzima juu ya kochi. Mwishowe nikaenda Kajiado.

Nilimkuta akifunga zizi kwa waya, polepole. Alikuwa amepungua mwili. Nilimweleza.

"Hizi haziwezi kushika drili," alisema, akinionyesha mikono.

"Nitashika mimi. Wewe niambie tu."

"Si unajua?"

"Najua," nilisema. "Lakini ni mama."

Aliingia ndani, akatoka amevaa koti.

Kwangu aligonga ukuta wa choo, akaenda chumba cha upande wa pili, akaugonga kule. Nilikuwa nimeshapima. Nilimwonyesha alama niliyochora, kwa kimo kilichoandikwa kwenye karatasi iliyokuja na bomba kutoka dukani. Hakuitazama karatasi. Aliuliza, "Mwenyewe yuko wapi?"

Nilimleta mama akiwa amenishika, tukamkalisha juu ya kifuniko cha choo amevaa nguo zake zote na sweta. Fundi alikunja magoti kwa shida mpaka macho yao yakawa sawa.

"Mama, habari ya leo."

"Msuri," mama alijibu kwa shida, ulimi ukiwa mzito.

"Ukitaka kusimama, mkono wako unataka kushika wapi?"

Mama alimtazama. Kisha akanitazama mimi, kana kwamba anaomba ruhusa, na hapo ndipo nilipojua kwamba tangu upande wake ulale hakuna mtu aliyekuwa amemwuliza kitu. Tulimwamulia chakula, nguo, saa ya kulala. Alinyanyua mkono wa kushoto. Uliyumba hewani, ukapapasa vigae, ukarudi nyuma, ukateremka. Ukatua chini ya alama yangu kwa upana wa kiganja kizima, na mbele zaidi.

"Hapa," alisema.

"Usitoe," Fundi alimwambia. Alichukua penseli, akaishika kwa mikono miwili, akauchora mkono wa mama pale ukutani, kidole kwa kidole. Mstari ulikuwa unatetemeka kote. Ulitosha.

Nilitoboa mimi. Fundi alisimama nyuma yangu akisema, "Pole pole. Sasa uko kwenye povu, usisukume," na drili iliposhika plasta ya upande wa pili alisema, "Hiyo." Tulikata vipande vya bomba dogo, urefu wa ukuta kamili, tukaviingiza kwenye matundu ili bolti zikikazwa povu lisibonyee. Upande wa chumbani tukaweka bamba. Nilikaza nati, akaja akazigusa moja moja, akaniambia ya tatu niirudie. Niliirudia. Kazi ilituchukua mchana wote, na mama alikaa kwenye kiti koridoni akitutazama bila kusinzia.

Tulipomaliza nilimkalisha tena. Niliweka mikono yangu tayari chini ya makwapa yake, kama nilivyozoea. Fundi alinigusa kiwiko, nikaitoa.

Mama alilishika bomba. Mishipa ya mkono ilisimama. Kwa muda hakuna kilichotokea, na nilisikia pumzi yake tu. Kisha mabega yakaja mbele, magoti yakanyooka, kushoto kwanza, kulia baadaye, na mama yangu akawa amesimama. Alikuwa mrefu kuliko nilivyomkumbuka. Alitutazama wote wawili, mtoto wake na mzee asiyemjua, tumejaa vumbi la simiti katika choo chake.

"Sasa tokeni," alisema, neno safi kabisa. "Funga mlango."

Tulitoka. Nilifunga mlango, tukasimama koridoni, mimi na Fundi, bila cha kufanya na mikono yetu. Nikanyanyua mkono nibishe hodi, nimwulize kama yuko sawa.

"Mwache," Fundi alisema.

Tukangoja. Kisha tukasikia maji yakishuka, kisha mfereji ukifunguliwa, na mama ndani akinawa mkono wake, bila haraka yoyote.